Mkate Ambao Mama Zaina Hakuula

Vijana wangu, mnanichekesha sana. Juzi msichana mmoja wa mtaani kwetu hapa Mangobo alinijia na simu mkononi na sura ya msiba. Keki yake imedidimia katikati. Amefuata video hatua kwa hatua, amepima unga kwa mizani, amepima maji, amepima mpaka chumvi. Nikamuuliza kama yule mama wa kwenye video anaishi Kisangani. Akasema hapana, anaishi Ulaya. Basi nikamwambia arudi nyumbani akashike unga wake kwa vidole wakati mvua inanyesha. Unga wetu hapa unakunywa maji ya hewani kabla hujaumwagia ya kikombe, na ukiupa maji yote ya video utapata uji. Siku ya pili akarudi na keki imesimama vizuri. Nilifurahi kuliko yeye mwenyewe, nikaila karibu yote.

Ndivyo nilivyo. Nimestaafu kazi ya mikate kwa sababu magoti yamekataa kusimama mbele ya tanuri, lakini nikisikia harufu ya unga unaoiva bado moyo unanienda mbio. Naitwa Jeanne. Wengi wananiita Mama Rachel kwa ajili ya binti yangu wa mwisho, na habari ya Rachel ndiyo hasa ninayotaka kuwapa, nikifika. Mnivumilie, mimi hupitia njia ndefu.

Kazi nilijifunza kwa Papa Lokwa, mzee wa Isangi, mfupi, mwenye mikono isiyo na nywele hata moja kwa sababu tanuri lilikuwa limezichoma zote. Tanuri letu lilikuwa la matofali, limekandikwa udongo wa kichuguu, maana udongo uliotafunwa na mchwa unavumilia moto bila kupasuka ovyo. Kipimo cha joto hatukuwa nacho. Papa Lokwa alinionyesha hivi: unatoa makaa, unafagia sakafu ya tanuri, unaingiza mkono mpaka kiwiko na kuanza Salamu Maria polepole. Ukifika Amina na mkono bado umetulia, moto ni mdogo, ongeza kuni. Ukiutoa mkono mbio kabla hujafika popote, moto ni mkali, subiri. Mkono ukishindwa pale pa "Maria Mtakatifu", ingiza mikate.

Shida yangu ni kwamba mimi nikifurahi nasema haraka. Siku nilipopata habari kwamba wifi yangu amejifungua mapacha, nilisali ile Salamu Maria kama mtu anayekimbizwa. Nikafika "Maria Mtakatifu" mkono ukiwa ndiyo kwanza umeingia. Ukashindwa pale pale panapotakiwa, nikaona tanuri limekaa sawa. Kumbe lilikuwa moto wa jehanamu. Mikate ilitoka myeusi kila upande, na ndani bado mibichi. Papa Lokwa hakunigombeza. Aliuchukua mkate mmoja, akaugonga kwa kidole, akaniuliza kwa upole ni furaha gani imetupata. Nilipomwambia mapacha, akanipongeza, kisha akatoa amri kwamba siku nikiwa na furaha atasali yeye. Kwa hiyo wenzangu walikuwa wakinitazama usoni kila asubuhi, wakiona meno wanamwita mzee.

Hilo la kugonga mlishike. Mkate ukitoka, ugeuze, ugonge chini. Ukisikia sauti ya kitu kitupu, umeiva. Ukisikia sauti ya kitu kizito kilicholowa, urudishe motoni bila kuona haya. Hata sasa, mjukuu wangu akioka kwa jiko la umeme siku umeme unapopatikana, mimi nagonga.

Halafu kuna hamira, ambayo sisi hapa tunaiita levire. Leo mnaipata kwenye pakiti katika kila duka. Zamani zilipita nyakati ambapo boti hazikuleta kitu, levire ikaisha mjini, na watu bado walitaka mkate asubuhi. Tulichachusha kwa masanga ya mbila, ile pombe ya mchikichi. Ichukue ya asubuhi, iliyoshushwa mtini siku hiyo hiyo, ikiwa bado tamu na inatoa povu. Ichuje kwa kitambaa, kandia unga, funika. Unga unafura mpaka unasukuma kifuniko! Mkate wake una utamu fulani wenye uchachu kidogo nyuma ya ulimi, na sisi watu wa mtoni tuliokulia Yanonge tunaupenda kuliko wa levire. Wateja wetu Waislamu walikuwa hawaugusi, na Papa Lokwa aliwatengenezea wa kwao katika karai jingine, akichachusha kwa ndizi mbivu. Ulichelewa kufura, wakausubiri.

Lakini nyumbani hakuna tanuri, mtasema. Mimi mwenyewe sikuwa nalo. Kazini nilioka mikate ya mji mzima, na nyumbani Jumapili baada ya misa nilioka keki moja ya watoto wangu kwa sufuria. Chukueni sufuria kubwa nzito, mwageni mchanga mkavu chini, wekeni juu yake sufuria ndogo iliyopakwa mafuta yenye unga wenu, funikeni kubwa kwa kifuniko cha bati. Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu. Makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko. Keki inaivishwa na moto wa juu. Ukiweka mengi chini kwa sababu umezoea kupika maharagwe, utakula mkaa. Watoto wangu walikaa kuizunguka mbabula, jiko letu la makaa, wakigombania nani alambe bakuli, na baba yao, ambaye alijifanya hajali, alikuwa anapitapita pale kila mara eti anatafuta kiatu. Hiyo ilikuwa raha yetu ya juma zima, na siwezi kuwaeleza jinsi nilivyoipenda.

Basi, Rachel.

Mwaka jana Rachel aliniambia kwamba amempata mwanaume. Anaitwa Iddi, fundi seremala, kijana mtulivu ambaye alikuja kurekebisha mlango wetu na kuurekebisha mara nyingi kuliko ulivyohitaji. Familia yao ni ya Waislamu wa siku nyingi hapa mjini, watu wa biashara tangu kwa mababu. Wazazi wa Iddi walifariki mapema, akalelewa na bibi yake, Mama Zaina. Kwa hiyo neno lilikuwa la Mama Zaina. Akikubali, watoto wataoana. Akikataa, Iddi asingeweza kumvunja moyo mwanamke aliyemlea, na Rachel alilijua hilo, akakonda.

Mama Zaina hakusema ndiyo wala hapana. Alimwambia mjukuu wake kwamba dini ya msichana ni jambo la msichana na Mungu wake, yeye halimsumbui sana. Linalomsumbua ni kwamba Iddi atakuwa anakula kwa wakwe zake maisha yake yote, na watoto wake pia. "Nitaenda nikule kwao," alisema. "Pale njo nitajua."

Iddi, kwa mapenzi yake, alikuwa ameshajisifia kwamba mama mkwe wake ndiye mwoka mikate bora wa Kisangani. Kwa hiyo bibi akaomba kitu kimoja tu: chai, na mkate uliotoka mikononi mwangu.

Mimi nikasikia nimekuwa msichana tena! Mkate! Angeomba kitu kingine ningehangaika, lakini mkate? Nilinunua sufuria mpya ambazo hazijaonja nyama ya aina yoyote. Nilisafisha nyumba mpaka mume wangu, Papa Ferdinand, akakosa mahali pa kukaa. Samaki na lituma, zile ndizi za kupondwa, kwa ajili ya chakula cha baadaye tuliviacha kwa dada yangu mkubwa, Odette, ambaye alipanda mto kutoka Yanonge kuja kunisaidia, na kwa ajili ya wajomba wa Rachel alileta bidoni ya masanga ya mbila. Nikaiweka mwisho kabisa wa nyumba, chumba cha nyuma, nikaifunika gunia. Nyumba nzima ilinukia hata hivyo.

Jioni nilikanda unga kwa levire nzuri, nikaufunika, nikalala. Usiku kulinyesha, kukawa na baridi. Alfajiri nilipoamka nilikuta unga umefura ukamwagika nje ya karai, mzuri, laini, unapumua. Nilipiga vigelegele peke yangu jikoni. Jirani yetu ana tanuri la udongo uani kwake, alikuwa ameshaniwashia, na kwa kuwa nilikuwa na furaha nilimwomba yeye asali. Mikate ikaingia, ikatoka na rangi ya asali. Nikaugonga mmoja, ukanijibu vizuri. Sikumbuki kama katika miaka yangu yote ya kazi nimewahi kutoa mkate mzuri kama ule.

Nikaumega ukiwa bado moto, nikaweka kipande mdomoni. Uchachu ule, nyuma ya ulimi.

Nilimwita Odette. Alikuja akitabasamu, mikono imejaa magamba ya samaki, akanieleza kwa furaha. Aliamka usiku kwenda nje, akapita jikoni, akakuta unga wangu umelala kwa sababu ya baridi. Akanihurumia, mdogo wake atapata aibu mbele ya wakwe. Akachota masanga kikombe kizima, akaongeza unga, akakanda upya kama tulivyokandiwa na mama yetu. Hakuniamsha kwa sababu nilikuwa nimechoka. Alikuwa anangoja nimshukuru.

Jamani, ningemgombeza vipi? Nilikaa chini juu ya gunia la mkaa. Odette aliponiona hivyo ndipo akakumbuka ni akina nani wanaokuja, akashika mdomo kwa mikono yake ya samaki. Kisha akapata wazo, na akalisema kwa sauti ndogo.

"Mudogo wangu, moto ilishamaliza ile masanga. Nani atajua? Nyamaza tu, mutoto aolewe."

Nawaambia ukweli wangu, nilitamani kunyamaza. Mkate ulikuwa mzuri mno, na Rachel alikuwa uani anapiga pasi kitambaa cha meza huku akiimba, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu. Ni mimi na Odette tu tuliojua. Lakini akilini nilimwona Mama Zaina akiinua kile kipande, akikila mbele yangu kwa kuniamini, nikaifunika mikate yote. Nikamwambia Odette kwamba mkate huu utaliwa na watu wa Yanonge, na wageni watapata kitu kingine. Kitu gani, hakuna aliyejua. Kukanda upya kulihitaji saa ambazo hatukuwa nazo, maana kwa baridi ile unga ungelala tena mpaka jioni, na wao wangefika baada ya sala ya adhuhuri. Mtaniuliza kwa nini sikununua mkate dukani. Bibi alikuwa ameomba mkate wa mkono wangu!

Ndipo nikafikiria mayai. Kuna keki isiyohitaji levire wala kitu chochote cha kuchachusha, hewa peke yake inaiinua, na hewa hiyo unaiweka wewe kwa mkono. Tuliwatuma watu kila nyumba yenye kuku. Mayai yalikuja kwa makofia, kwa vikombe, jingine bado lina joto. Hapa tena mnisikilize: kila yai livunje kwanza katika kikombe chake peke yake, ulinuse, ndipo ulimimine na wenzake. Yai moja lililooza linaweza kukuharibia bakuli zima. Tenga ute na kiini, na bakuli la ute lisiwe na hata tone la mafuta, la sivyo utapiga mpaka kesho. Vipige viini na sukari mpaka vipauke. Ute upige na chumvi kidogo mpaka usimame wenyewe, uligeuze bakuli juu chini na usianguke.

Mashine hatukuwa nayo. Nilifunga uma mbili pamoja, nikaanza. Mkono ukachoka, nikampa Odette, kwa toba yake akapiga kama kichaa. Akachoka, nikampa Papa Ferdinand, ambaye katika ndoa yetu yote hakuwahi kushika uma isipokuwa kwa kula. Alipiga huku akiuliza kama imetosha, kama imetosha, kama imetosha. Niligeuza bakuli juu ya kichwa chake, ute haukuanguka, tukapiga kelele wote. Nikachanganya na viini, nikakung'uta unga kidogo kidogo, nikakoroga kwa kijiko cha mti toka chini kwenda juu, taratibu, nisiue ile hewa. Nikakwaruza ganda la ndimu juu yake. Mchanga, sufuria mpya, makaa machache chini, mengi juu. Kisha nikawakataza wote wasifungue kifuniko, hata mimi mwenyewe nikaikalia mikono yangu.

Ndipo Rachel akaingia jikoni, akaona mikate mizuri imefunikwa pembeni na sufuria juu ya mbabula. Nikamwambia yote. Uso wake ulibadilika. Aliniuliza kama ni lazima bibi aambiwe habari ya masanga, kwani si ataletewa keki tu, na mikate ingeweza kufichwa kwa jirani. Nilimjibu kwamba nyumba yote inanukia mkate. Atauliza, na mimi sijui kusema uongo nikiwa na furaha wala nikiwa na hofu. Mtoto wangu akaenda kukaa nje, hakuimba tena.

Walikuja. Mama Zaina alikuwa mwembamba, amejifunika ushungi mweupe, anatembea kwa mkono wa Iddi. Tulimkalisha kiti kizuri. Rachel akaleta chai, na mimi nikaleta keki, imepanda, njano, ina nyufa kidogo juu kama inavyotakiwa. Wajomba walisogeza viti vyao karibu. Mama Zaina aliitazama keki, akaitazama meza, akanusa.

"Mukate iko wapi?" aliuliza. "Harufu yake nilisikia tangu kule inje."

Iddi alinitazama, kisha akamtazama Rachel. Odette alikuwa anatazama miguu yake. Nilikiweka kisu juu ya meza.

"Mama, mukate iko mule ndani, na iko muzuri sana," nilimwambia. "Lakini hauwezi kuikula. Walitiya masanga ya mbila mu unga. Haikuwa kwa ubaya, ni mapenzi ya dada yangu. Ile gato njo yako. Iko mayai, sukari, unga na ndimu, na sufuria ni mupya."

Alikisogeza kikombe cha chai pembeni. Kisha akaushika ukingo wa meza. Nilidhani atasimama aende zake. Rachel naye alidhani hivyo, kwa maana alikuwa ameshaanza kulia bila sauti, na machozi yalikuwa yanaangukia kitambaa cha meza alichokipiga pasi.

"Tangu nizaliwe mu hii mji," Mama Zaina alisema mwishowe, "watu wananiambia kula tu, mama, haina kitu. Wee njo wa kwanza kuniambia nisikule."

Akanyoosha mkono, nikamkatia keki. Alikula polepole, akamaliza, akakusanya makombo kwa kidole na kuyala nayo, akataka kipande kingine, akaniuliza ute nimeupiga kwa kitu gani. Nilipomwambia ni uma mbili na Papa Ferdinand, alicheka, na mimi nikaanza kumwelezea kila kitu kwa haraka ile yangu, mayai, ndimu, makaa, mpaka akaniwekea mkono begani nipumue.

Kisha aliinama, akavuta kikapu chake kilichokuwa chini ya kiti, akatoa bakuli lililofungwa kwa kitambaa. Akalifungua mwenyewe mbele yetu sote. Lilikuwa pilau, bado lina uvuguvugu. Iddi aliona haya, akaanza kuomba radhi, lakini bibi yake alimnyamazisha. Alisema wazi kwamba alipika chakula chake asubuhi akaja nacho, kwa sababu hakutegemea kula chochote kwetu. Akamwita Rachel kwa jina, mara yake ya kwanza, akamwambia alete sahani.

Rachel alileta sahani zote tulizo nazo. Lilikuwa pilau la mtu mmoja, na tulilila wote, wajomba, Odette, Papa Ferdinand, kila mtu kijiko chake.